Taa za Gari la Marehemu

"Waya, zimewaka tena."

"Pindo, ongea kwa sauti. Sikusikii."

"Siwezi. Niko dirishani, jikoni. Zimewaka, Waya. Ndani ya turubai. Nyeupe kabisa."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi! Nimeushika hapa mpaka kiganja kinauma. Gari limezimwa, hakuna aliyeligusa."

"Na Mama?"

"Amelala chumbani kwake, mlango umefungwa. Sitaki kumwamsha, presha yake unaijua. Waya..."

"Nakusikiliza."

"Kuna mtu anaongea huko nje."

Waya alikuwa amelala chini ya gari la mteja. Alijiinua ghafla akajigonga kichwa kwenye bampa.

"Anasema nini?"

"Maneno siyasikii. Anaongea, ananyamaza, halafu anaongea tena. Kama mtu anayejibiwa."

Sasa ninyi mnaojitia hamuogopi kitu, hebu simameni kwenye lile dirisha. Mchana kweupe, jua kali, nguo ziko kwenye kamba. Na pale bandani, gari la mumeo uliyemzika linaangaza lenyewe chini ya turubai. Mimi ningeruka ukuta na ndala moja.

Pindo hakuruka. Alikuwa mshona nguo, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu pindo alilolikunja yeye halifumuki. Wazazi wake walishatangulia zamani. Mumewe naye moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu, akamwacha bila mtoto, ndani ya nyumba moja na mama mkwe. Wakabaki wawili, kila mmoja anajikaza ili asimlize mwenzake.

Siku alipopanga vitu vya marehemu, alikuta boksi halijafunguliwa. Zilikuwa taa za mchana, zile nyembamba za kufunga chini ya bampa, zinazowaka gari likiwa kwenye mwendo. Marehemu alizinunua akafa hajazifunga. Pindo akaliendesha gari mpaka kwa fundi umeme wa magari, mtu mrefu mwembamba ambaye gereji nzima ilimwita Waya.

"Nifungie hizi," alimwambia. "Alitaka azione zikiwaka."

Waya akazifunga. Kazi ya asubuhi moja akaivuta mpaka jioni, anakaza skrubu aliyokwisha kuikaza, mradi tu yule mwanamke aendelee kukaa pale kwenye tairi akimtazama. Mengine mnayajua wenyewe. Pete ikavishwa, harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwezi wenyewe ulipoingia, zile taa zikaanza vituko vyao.

Waya alifika mbio na kidonda cha bampa kwenye paji la uso. Kama kawaida, zilikuwa zimeshazimika. Akafunua turubai, akashika boneti. Baridi. Akakagua viungo vya waya kimoja kimoja.

"Labda maji yameingia," alisema.

"Maji ya wapi? Mvua imenyesha lini?" Pindo alijibu akiwa mbali, hataki kusogea.

Mama mkwe akatoka ndani, shuka begani, macho mekundu.

"Kulikoni, fundi?"

"Taa, Mama. Zimewaka tena."

Mama akalitazama gari kwa muda mrefu.

"Mwenye nyumba anaangalia nyumba yake," alisema, akageuka akarudi ndani.

Pindo akaziba mdomo kwa mikono miwili. Waya alimshika bega, Pindo akautoa ule mkono.

"Usinishike hapa," alinong'ona. "Si mbele yake."

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Waya.

"Nakupenda, Mungu ni shahidi yangu. Lakini siwezi kuolewa wakati yeye amesimama uani anakataa. Tuahirishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aache."

Jamani, mpinzani gani huyo? Mwanamume aliye hai utagombana naye, utamvizia, utamsema kwa ndugu zake. Marehemu utampatia wapi? Waya aliiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Kesho yake gereji ililetewa teksi iliyokufa betri. Waya akafungua boneti, akabana vibanio viwili vya chaja, chekundu na cheusi, kwenye betri, akachomeka umeme ukutani. Akapita mbele ya gari kuchukua kitambaa. Taa za mchana zikamwakia usoni.

"Toba!" Waya aliruka hatua nzima nyuma.

Dereva wa teksi akacheka mpaka akashika tumbo.

"Fundi, unaogopa taa? Basi kashone viatu!"

Waya alirudi kwenye betri. Alichomoa chaja, taa zikazima. Akachomeka, zikawaka. Teksi ilikuwa na taa za aina ile ile alizozifunga kwenye gari la marehemu, na kazi ilikuwa ile ile. Taa hizi huja na kiboksi kidogo kinachofungwa moja kwa moja kwenye betri. Injini ikiunguruma, betri inachajiwa, umeme unapanda, kiboksi kinajua gari limewashwa na kinawasha taa. Mafundi wanakipenda kwa sababu hukati waya wa swichi wala hugusi fyuzi. Lakini kiboksi hakina macho. Umeme ukipanda kwa sababu ya chaja, chenyewe kinaona ni injini tu.

"Kwa hiyo kuna mtu," Waya alijisemea. "Kuna mtu anaichaji ile betri."

Hakumpigia Pindo, aliyekuwa dukani kwake kwenye cherehani. Alienda moja kwa moja nyumbani, akasukuma geti polepole.

Uani kulikuwa kimya. Taa zilikuwa zinawaka, turubai limekuwa jeupe upande wa mbele. Kutoka dirisha la chumbani kwa Mama ulishuka waya mrefu wa umeme, ukapita nyuma ya mapipa, ukaingia chini ya turubai. Akawa anaufuata kwa macho, ndipo aliposikia sauti.

"Umekula?"

Kimya.

"Nimekubakizia. Kiko jikoni."

Kimya tena, kirefu zaidi.

"Hapana, usimkasirikie. Bado msichana yule. Mwache tu."

Vinyweleo vilimsimama Waya mikono yote miwili. Alifunua turubai upande wa nyuma, akafungua mlango.

Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, pochi juu ya magoti, kama mtu anayepelekwa kliniki. Kiti cha dereva kilikuwa kimevikwa koti la marehemu, limefungwa vifungo vyote mpaka juu.

"Panda, fundi," Mama alisema bila kugeuka. "Lakini kaa huku nyuma. Mbele kuna mtu."

Na Waya, mtu mzima, anayejua habari yote ya chaja na kiboksi, akapanda akakaa nyuma. Msimcheke. Hata ninyi mngekaa nyuma.

"Mama," alianza. "Ni wewe unayechomeka chaja."

"Ni mimi."

"Na siku zote Pindo ananipigia simu pale dirishani..."

"Nilikuwa humu humu. Nafunga chumba, natokea mlango wa nyuma. Nilikuwa namsikia akilia."

"Mama! Na ukanyamaza?"

Mama alifungua pochi, akaifunga.

"Siku ya kwanza sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kukaa humu tu. Alikuwa akinipeleka kliniki, mimi nakaa hapa, yeye pale, tunapiga soga. Nikataka taa ya ndani iwake, betri imekufa. Nimemwona mara nyingi akichaji, nikafanya kama yeye. Taa za mbele zikawaka zenyewe. Fundi, nilipiga magoti pale chini."

"Ni kiboksi, Mama. Kinasikia umeme ukipanda."

"Mimi si mjinga. Siku ya pili nilijua. Nikichomeka zinawaka, nikichomoa zinazima. Lakini Pindo alishapiga kelele kwamba ni mume wake. Nikafurahi. Tangu tuzike, hakuna mtu aliyetaja kwamba yupo. Watu wanasema alikuwa, alikuwa, alikuwa."

Mwanga wa taa uligonga turubai, ukarudi kuwamulika usoni wote wawili.

"Nikwambie kitu?" Mama akainama, sauti ikashuka. "Waya wa hicho kiboksi unaweza kuuhamisha?"

"Naweza. Nikiupeleka kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukizungushwa tu, hazitawaka tena bila ufunguo."

"Basi hamisha leo. Mimi sitasema, wewe usiseme. Taa zikiacha, Pindo atajua marehemu ameridhia. Wewe utapata mke. Mimi nitabaki na gari langu na mwanangu."

Waya alipapasa mfuko. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na koleo analo mfukoni. Angeoa Jumamosi, na Pindo angelala usingizi akiamini amepewa ruhusa. Nani angeumia?

Simu ikaita. Pindo.

Mama akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Waya, uko wapi? Leo zimewaka?"

Waya alifumba macho.

"Zimewaka. Niko ndani ya gari, Pindo."

"Ndani ya... Na nani?"

"Na Mama. Njoo nyumbani."

Pindo alikuja na futi ya kushonea ingali shingoni. Aliutazama ule waya, akaitazama chaja, akaliona koti kitini. Waya alimweleza yote akiwa amesimama kando ya boneti. Kisha Pindo akainama kwenye mlango wa nyuma.

"Mama, nimelala na taa inawaka kama mtoto. Nimeacha kula. Nimemwomba marehemu msamaha kwa magoti, kosa lenyewe silijui! Na wewe uko humu unanisikiliza?"

"Ukiondoka, nani ataniita Mama ndani ya nyumba hii?" Mama alisema. "Nitajie mtu mmoja."

Pindo akajiinua pale mlangoni. Akamgeukia Waya.

"Na wewe. Ungehamisha huo waya ukanyamaza?"

"Nilifikiria."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulipopiga simu."

Alimkazia macho mpaka Waya akaona harusi imekufa. Halafu Pindo akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva.

"Usikae hapo!" Mama alipiga ukelele. "Pindo! Utamkalia!"

Pindo alikaa. Alikaa juu ya koti, mgongo ukalibana kitini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mama, niangalie kwenye kioo. Unamwona nani?"

Mama alijificha uso.

"Niangalie! Unamwona nani?"

"Wewe," Mama alisema. "Ni wewe tu."

Na ndipo akalia. Pale kaburini hakulia, watu wakamsifu kwa moyo mgumu. Sasa alilia kwa sauti mpaka majirani wakasogea getini, na Pindo akapita katikati ya viti, akaenda kumkumbatia kule nyuma. Waya alitoa kibanio chekundu kwenye betri, akatoa cheusi. Ndani ya turubai kukawa giza.

"Waya," Pindo aliita kutoka gizani. "Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Kimoja ni cha Mama. Kama hutaki, sema sasa hivi."

"Nitapaka rangi kesho."

Jumamosi ilikuta watu wachache kwenye ofisi ya ndoa. Mfungishaji akavaa miwani, akauliza nani amesimama upande wa bibi harusi. Mjomba mmoja wa Pindo akaanza kuinuka, akirekebisha tai. Mama akamvuta koti.

"Kaa chini, baba." Akasimama yeye. "Ni mimi. Mama yake."

Mfungishaji akatazama karatasi zake, akamtazama Mama, akatazama tena karatasi.

"Samahani, Mama. Hapa wameniandikia wewe ni mama mkwe wake, mzazi wa marehemu."

"Hayo yamepita," Mama alisema. "Andika upya."