Mafuta Bado Hayajashiba

Kofia tu. Alikuwa anafuata kofia, basi, hakuna kingine. Solenne alimfunga mwanawe Lison kifuani kwa mbeleko, akashuka njia ya kokoto kati ya mistari ya yasmini aliyoichuma tangu alfajiri, jua la Agosti likiwa bado limeng'ang'ania milima juu ya mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, na njia nzima alikuwa anajilaumu. Wiki tatu hizi amekuwa mtu wa kupoteza vitu. Soksi ya mtoto. Kitambaa cha mate. Shuka dogo lenye bata. Leo kofia, aliyoiacha kwa Bibi Isnard anakolindwa mtoto.

"Shoga, akili umeisahau leba," alimtania Ghislaine, mchumaji mwenzake, asubuhi ile. "Siku moja utampoteza na mtoto mwenyewe!"

Walicheka wote.

Sasa hakuwa akicheka. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mumewe, maana angeonekana kachanganyikiwa... Lison hakuwa na harufu. Miezi minne utosi wa mtoto yule ulitoa harufu ya maziwa na mkate wa moto, Solenne angeweza kumjua kwa pua kati ya watoto mia, na tangu Jumapili hakuna kitu. Ni kama kunusa kioo. Na maziwa yaliyokuwa yakichuruzika kila akimkaribia yaligoma. Lison mwenyewe hadai. Hanyonyi, halii, amelala tu, mweupe, mlaini. Daktari kasema ni joto.

Joto!

Mlango wa karakana ya Bibi Isnard ulikuwa wazi. Bibi huyo ndiye peke yake bondeni aliyetengeneza marashi kwa njia ya zamani: mafuta ya mgando yanapakwa kwenye fremu ya kioo, yasmini inalazwa juu yake kifudifudi, ua moja moja. Kesho yake maua yanavuliwa, yanalazwa mapya. Hivyo hivyo siku kwa siku, mpaka mafuta yanywe harufu yote. *Yakishiba*, ndivyo wanavyosema wenyewe. Na ndiye aliyejitolea kumlinda Lison wakati mama yake yuko shambani. "Mlete humu penye ubaridi, binti yangu. Huko juani utamkaanga." Solenne alimshukuru karibu machozi yamtoke.

Ndani kimya. Mezani palikuwa na kichupa cha marashi mapya ya kiangazi, yale ambayo Ghislaine alikuwa hakomi kuyasifu. Vimeuzwa vitatu Jumamosi, kwa wageni watatu, na kila mmoja aliondoka kakikumbatia.

Solenne alijipaka tone moja tu kwenye kifundo cha mkono.

Pichi, bivu, yenye maji. Kisha yasmini, nyepesi kama shuka lililokaukia uani. Na chini yake... chini kabisa...

Maziwa. Mkate wa moto.

Kifua chake kikalowa. Maziwa yalimwagika yenyewe, yakapenya gauni, na Lison akafumbua macho.

Solenne hakufikiri. Alivuta fremu ya juu kwenye rundo. Kati ya maua meupe, kifudifudi ndani ya mafuta, ilikuwa imelazwa kofia. Akavuta ya pili. Soksi. Ya tatu. Shuka lenye bata, limenyooshwa vizuri, kila kona imebandikwa kwa kidole.

"Ifunike, binti yangu," sauti ikanong'ona nyuma yake. "Ikipigwa na hewa inaharibika."

Bibi Isnard alikuwa amesimama karibu mno. Na hapo ndipo Solenne alipogundua kitu ambacho pua yake ilikuwa haijawahi kumwambia. Kizee yule, siku nzima kwenye joto lile, hakuwa na harufu ya jasho. Wala ya kitunguu saumu. Wala ya sabuni.

Hakuwa na harufu yoyote.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Hata unywele sijamgusa. Nimechuma tu. Wewe unachuma tangu alfajiri, ua gani lilikuuliza?"

"Bibi, nitakupasua..."

"Taratibu. Mafuta bado hayajashiba. Siku mbili tu, kisha nakuachia."

"Utaniachia nini?"

Bibi aliangalia kapu la taka mlangoni, lile la maua yaliyokwisha kuvuliwa. Mazima, meupe, hayana kitu.

"Mimi mama yangu alinichuma nikiwa na miezi mitano," akasema polepole. "Mbona niko?"

Mikono ya Solenne haikumsikiliza Bibi. Ilizama yote miwili ndani ya mafuta. Akachota. Akampaka Lison utosini, shingoni, tumboni, fremu baada ya fremu, akammiminia na kichupa cha mezani, maua yakimganda mtoto kama manyoya.

"Utayamaliza yote!"

"Yote! Na ukinisogelea nakupasulia vioo hivi kichwani!"

Lison akalia. Kilio cha njaa, kikali, kizuri. Solenne akachukua kofia yake, akatoka mbio.

"Vile vitatu huvipati," mnong'ono ukamfuata mpaka njiani. "Mtoto hufuata harufu yake..."

Lison alinenepa. Harufu ilirudi, ingawa yasmini haikutoka hata kwa sabuni. Karakana ilifungwa, na hakuna ajuaye Bibi Isnard alikoelekea. Ila hata alipoanza kusema, mtoto hakuwahi kumwita Solenne mama. Alimtazama tu, kwa adabu, kama mgeni.

Kiangazi kilichofuata, sokoni mchana, mwanamke mwenye kofia ya ukili alipita kwenye meza ya jibini. Lison akajipinda kwenye mbeleko, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama!" akamlilia mwanamke yule. "Mama!"

Solenne alimshika yule mwanamke mkono. "Dada, samahani. Nionyeshe marashi uliyojipaka." Kichupa kilipotoka mkobani alikipokonya, akakipasua kwenye mawe mbele ya watu wote. "Ita polisi ukitaka. Waite wote!"

Harufu ya pichi ikapanda kutoka chini. Lison akavuta pumzi ndefu, akamgeukia, akamgusa shavu.

"Ma," akasema. Nusu tu.

Kisha akageuza uso kuelekea stesheni ya treni, akinusanusa upepo. Solenne akakaza mbeleko, akaanza kutembea kuelekea huko huko.

Vimebaki viwili.