Kiu ya Chini ya Sakafu

Mtungi uliojazwa alfajiri ulikuwa mkavu kabla jua halijapanda, na chini yake hapakuwa na tone lililomwagika.

"Mtungi wako unavuja," Lamasi alimwambia mumewe Puzuru, mfinyanzi.

"Mitungi yangu haivuji, mke wangu. Kinachovuja ni hilo domo lako."

Walicheka. Walikuwa wageni katika nyumba ile ya mji wa Sipari, kando ya mto Frati. Wenye nyumba walishaihama na kutokomea.

Adhuhuri Lamasi alimkuta binti yao Beltani chumba cha nyuma, akimimina maji kwenye ufa wa sakafu.

"Bibi ana kiu," mtoto alinong'ona.

"Bibi gani, mwanangu?"

"Huyu." Akaelekeza kidole chini.

Tangu hapo nyumba ilinuka udongo mbichi wa kaburi, na kiu ikamhamia mtoto. Alikunywa maji, akanywa pombe ya shayiri, akanywa hata tope la kufinyangia la babake, na kadiri alivyokunywa ndivyo midomo ilivyozidi kupasuka na ngozi kumsinyaa, mpaka mchana mmoja alipofumbua kinywa ikatoka sauti ya kikongwe: "Wanangu wameondoka. Nani atanipa maji?"

Mganga Ubaru, waliyemwita, alilala kifudifudi, akatega sikio sakafuni.

"Watu wake walimzika humu chini ya sakafu, kama tunavyozika sote," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hana tena wa kummiminia maji. Nikimfukuza, ataondoka na mtoto. Lamasi, binti yangu, mfanye mama yako. Ila ukishamwita hivyo, ndiyo basi. Hutamkimbia, wala wajukuu zako hawatamkimbia."

"Usithubutu!" Puzuru alinong'ona. "Tuhame leo hii."

Lamasi alimtazama Beltani. Alikuwa akilamba ukuta.

Lamasi akapiga magoti, akainamisha mtungi. "Mama," alisema, "kunywa."

Chini ya sakafu koo likameza, taratibu, kwa uroho. Beltani akashusha pumzi ndefu, midomo ikapata unyevu, akaomba mkate kwa sauti yake mwenyewe. Puzuru alimkumbatia akilia.

Lakini mganga hakuinuka. Sikio lilikuwa bado sakafuni, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, kwani kutoka kila pembe ya chumba, kutoka kizingitini, kutoka chini ya magoti ya Lamasi mwenyewe, zilipanda sauti kavu, nyingi, za wazee kwa watoto:

"Na sisi je, binti yetu?"