Ghorofa Lililokazwa

Ukuta wa nyuma wa jengo la kuchezea ulianguka Mzee Kaza akiwa bado ameushika. Haukuvunjika wala haukumponyoka. Vijino vyake vilitoka vyenyewe kwenye matundu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayechomoa vidole vyake kwenye mkono wa mwenzake.

"Wewe nawe," aliuambia ukuta, akacheka.

Mtaa mzima ulimwita Kaza kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilicholegea. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana iliyojaa feni, miavuli na midoli isiyo na mikono. Hata akienda msibani, kiti alichopewa alikigeuza kwanza akakagua miguu. Mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye mwenyewe aliolewa kwa sababu bangili yake ilikuwa imelegea.

Jengo lile aliletewa na mwalimu wa chekechea. Lilikuwa ghorofa la plastiki la kuchezea, la zamani, lenye madirisha ya njano na paa jekundu lililopauka.

"Nililikuta stoo ya shule," mwalimu alisema. "Kila ukilisimamisha linabomoka. Na watoto hawaligusi, eti lina mwenyewe." Akacheka, na fundi naye akacheka.

Kazi yenyewe aliijua vizuri. Plastiki ikichezewa miaka mingi, vijino husagika vikawa vyembamba na vikawa vinapwaya kwenye matundu. Dawa yake ni kukipaka kila kijino rangi ya kucha, ile ya maji maji isiyo na rangi, ukaiacha ikauke, ukapitisha msasa kidogo, ukajaribu, ukarudia mpaka kiingie kwa kusukumwa. Alikwapua kichupa cha mkewe, akashinda mezani. Jioni ghorofa lilisimama wima, hata ukilitikisa halichezi.

Asubuhi alilikuta limetoka vipande vipande. Halikuwa limeanguka. Kuta zilikuwa zimelazwa upande mmoja, sakafu upande mwingine, na paa peke yake katikati ya meza. Rangi aliyopaka ilikuwepo vilevile kwenye vijino. Matundu ndiyo yalikuwa yamepanuka.

"Umeligusa?" alimuuliza mkewe.

"Niliguse la nini? Mimi na midoli yako wapi na wapi?" Kisha akakunja pua. "Lakini mbona humu ndani kunanuka nywele zilizolowa?"

Alipaka tena, likafunguka tena. Hapo ukaidi ukampanda. Aliweka rangi pembeni, akachukua gundi kali, ile ikishika haiachii, akaanza kuziba kila kiungo moja kwa moja. Alipofika kwenye paa, akilibana kwa viganja viwili, pumzi ya moto ilimpiga usoni kutoka kwenye yale madirisha madogo, na kutoka ndani akasikia msonyo mrefu, msonyo wa mtu aliyefungiwa mlango wa kwake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Alilifunika ghorofa kwa kitambaa mpaka mwalimu alipokuja kulichukua. Baada ya siku chache mwalimu alipita kushukuru. "Sijui umelifanyaje, fundi. Sasa watoto wanaligombania."

Fundi alitabasamu, lakini ile harufu haikuondoka na ghorofa. Ilikuwa imehamia sebuleni.

Ikaanza meza ya chakula. Mguu mmoja ulilegea, akaukaza, ukalegea mwingine. Bawaba za mlango zikatema skrubu zake. Kitanda kikawa kinalia hata kama hakuna aliyekikalia. Fundi alizunguka nyumba na bisibisi mkononi, na kila alipokaza hapa, kiungo cha chumba cha pili kilijibu kwa mlio mdogo mkavu.

Halafu mchana mmoja, mkewe akimmiminia chai, mkono wake ulilegea kwenye kifundo. Ulining'inia tu, kama glavu tupu, na birika likaenda chini.

"Hauumi," mkewe alinong'ona, akiutazama. "Baba, mbona hauumi?"

Hospitali walipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Kufikia mwisho wa mwezi bega lilikuwa limeachia, kisha magoti, kisha taya, ambalo fundi alilirudisha kwa vidole vyake kila mkewe alipotaka kusema neno. Binti yao aliyeolewa mji mwingine alipopiga simu, fundi alimwambia mama ana mafua, amelala. Binti alikuwa ametoka kujifungua. Hakutaka kumtia hofu.

Ndipo alipomwita mganga, mama mmoja mshonaji mwenye sauti ya chini. Mganga aliingia jua likiwa utosini, akafukiza ubani, akamgusa mgonjwa kiungo kwa kiungo. Mkono wake ulipofika shingoni, ulisita.

"Nani mwenzangu?" aliuliza kwa heshima.

Midomo ya mgonjwa haikusogea, lakini sauti ilitoka, nzito na yenye uchovu. "Nilikuwa na kwangu. Nafasi ndogo tu, kati ya kijino na tundu. Akaikaza."

"Amekosa, anaomba radhi. Useme unataka nini, upewe. Nguo? Manukato?"

"Sitaki kitu. Huyu ananitosha, mpaka nipate aliye laini kuliko yeye."

Fundi alipiga magoti. "Niingie mimi! Mimi ndiye niliyekukosea, mwachie mke wangu!"

Sauti ilimzunguka, kama inamkagua. "Wewe umejikaza maisha yako yote," ilisema. "Kwako hakuna pa kupita."

Mganga alianza kukusanya vitu vyake. Mlangoni alimnong'oneza fundi, bila kumtazama usoni, "Mwenye madai nazungumza naye. Huyu hana madai. Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi alirudi kitandani, akaushika mkono wa mkewe kwenye kifundo ili ukae mahali pake, na alikuwa bado ameushika hivyo hodi ilipopigwa, na kabla hajaitika mlango ule usio na bawaba ulisukumwa, akasikia sauti ya binti yake ikisema, "Baba, nimechoka kudanganywa kwa simu, nimemleta mjukuu wenu mama amwone," na nyuma ya sauti hiyo kilio chembamba cha mtoto mchanga ambaye hata shingo yake bado haijakaza, na papo hapo harufu ya nywele zilizolowa ikampita fundi sikioni kama mtu anayemwahi mgeni mlangoni, naye akapiga kelele, "Rudi! Mtoe nje! Mtoe nje!"

Kilio cha mtoto kilikatika.

Kifundo cha mkono alichokuwa amekishika kilijipanga chenyewe ndani ya kiganja chake, kikawa imara. Kisha bega, kisha magoti. Mkewe alivuta pumzi ndefu, akaketi kitandani bila kusaidiwa, rangi ikimrudi usoni.

"Baba," alisema kwa sauti yake mwenyewe, machozi ya furaha yakimtoka, "nimepona. Tazama, nimepona!"

Sebuleni binti alikuwa akimwita mwanawe kwa sauti ya chini, mara moja, mara mbili, kisha kwa sauti iliyopanda. "Baba, njoo umtazame mtoto. Mbona amekuwa hivi? Kila nikimshika anateleza."

Fundi aliuachia mkono, akainuka. Alisimama katikati ya mlango wa chumba, amezuia njia kwa mwili wake, huku mkewe akinyoosha mikono yote miwili, mikono mizima yenye nguvu.

"Mlete basi mjukuu wangu," alisema mkewe akicheka. "Mleteni nimpakate."