Mpangaji wa Kati ya Ta na Ka

Bomba la uani kwa Fundi Saa lilikuwa linavuja mwaka wa sita sasa, na hakuna aliyelalamika. Tone moja, kimya, tone jingine, kimya. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Bi Sindano kwa sababu anashona na pia kwa sababu ya ulimi wake, alishazoea kukanyaga cherehani kwa kufuata matone hayo. Siku moja, saa nane mchana, jua likiwaka, akiwa anashona kola ya shati la mteja, aliinua kichwa ghafla. Matone yalikuwa bado yanadondoka, moja moja, unayaona kwa macho. Kile kimya cha katikati ndicho kilichokuwa hakipo.

"Mzee," aliita, "hebu njoo usikilize hili bomba."

"Linavuja," akajibu Fundi Saa kutoka chumbani.

"Najua linavuja! Linavuja vibaya."

"Linavuja vibaya tangu tuhamie. Niache kidogo mama, niko karibu."

Karibu na nini? Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Fundi Saa alitengeneza saa za mkono miaka thelathini na tano, kwenye kibanda kisichotosha watu wawili wenye afya. Alikuwa na kile kioo cha jicho moja, alichokibana mpaka nyusi yake ya kulia ikazoea kuinama hata akila. Kisha watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, kibanda kikafungwa, na mwanamume akabaki anazunguka nyumbani akifungua vitu visivyoharibika. Alifungua redio. Alifungua pasi. Alipoanza kuizunguka cherehani kwa macho yale yale, Bi Sindano alimpigia simu binti yao. "Mwanangu, mtafutie baba yako mchezo, kabla sijamfanya kitu."

Binti, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, akaleta moja ya zamani yenye gemu ndani yake: dunia nzima ya vipande vya mraba, ujenge unachotaka. Wenzake hujenga majumba na mashamba. Fundi Saa alijenga banda moja la mawe, akalitazama, akachoka. Ndipo binti akamwonyesha unga mwekundu. Ukiumwaga chini unapitisha umeme, na ukiuzungusha vizuri, taa inawaka, inazimika, inawaka, inazimika, yenyewe bila kuguswa.

"Hii inaitwaje?" aliuliza mzee, na ile nyusi ikapanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Saa, baba. Wanaiita saa."

Basi alihamia humo. Alijenga saa za unga, akajenga saa za pistoni, akajenga saa za vile vipande vyenye jicho, ambavyo kazi yao ni kuchungulia tu: ukiviweka viwili uso kwa uso, hiki kinaona kile kimeshtuka, nacho kinashtuka, na kile kinaona hiki kimeshtuka, na ndivyo hivyo bila mwisho, kama mawifi wawili wenye madirisha yanayotazamana. Kila saa ilikuwa na kasi kuliko ya jana yake. Dunia ile ina pigo lake kama moyo, mapigo ishirini kwa sekunde moja, na kwa kawaida kitu hakiwezi kulizidi. Fundi Saa akataka saa itakayowaka na kuzimika ndani ya pigo moja, ndani kwa ndani, dunia yenyewe isijue.

Sasa kuna jambo la ufundi hapa. Mzee aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa na sheria moja tu. Kabla hujafunga kifuniko cha saa yoyote, chukua kibanio, sukuma kila gurudumu kidogo. Lazima litikisike kiasi cha unywele. Wenyewe waliiita pumzi ya saa. "Usifunge saa isiyo na pumzi," alisema, na sababu hakutoa. Ukiuliza ulikula kofi. Fundi Saa hakuwahi kufunga hata moja bila kuitikisa. Lakini kwenye gemu, gurudumu la kutikisa liko wapi? Alikaza. Akaondoa kila nafasi aliyoiona. Na siku ile ya bomba, saa nane ile ile, taa yake iliacha kumetameta. Ikaganda, huwezi kusema imewaka wala imezimika, na kwenye spika ukatoka mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni. Akacheka peke yake, kwa furaha.

Bi Sindano alinusa nywele zinazoungua. Akakimbilia pasi. Pasi ilikuwa baridi.

Kesho yake saa ya ukutani, ile kubwa yenye timazi aliyoiunda mzee mwenyewe mwaka walipooana, ilianza kulia kama kitambaa kinachochanwa polepole. Timazi lilikwenda huku na huku kama kawaida, ila ta na ka, milio yake miwili, zilikuwa zimeshikana. Keshokutwa yake ikawa zamu ya paka. Alilala kwenye kiti, ubavu wake ukipanda, na Bi Sindano akasimama na ufagio mkononi akingoja ushuke.

"Mzee, huyu paka anavuta tu. Hatoi."

"Ana mafua."

"Paka gani wa mafua ya namna hiyo? Na hii harufu je? Sasa inanuka kama sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho. Zima hilo dude lako."

"Mama, hiyo ndiyo saa ya kasi kuliko zote. Nikizima, sijui kama nitaipata tena."

"Na mimi ukinipoteza, utanipata tena?"

Alisema kwa utani. Wote wawili walicheka. Paka aliamka, akatoka uani akipepesuka, na hajaonekana mpaka leo.

Siku ya nne, mezani mchana, Bi Sindano alianza kusimulia habari ya jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Ni habari tamu, na yeye anajua kuisimulia, anajua mahali pa kunyamaza ili ucheke. Safari hii hakunyamaza. Fundi Saa aliendelea kula, akidhani ni uchangamfu, mpaka akagundua kwamba kijiko cha mkewe kimesimama hewani na kwamba habari ya kochi imekwisha zamani na imefuatwa na habari ya mlango na ya seremala na ya mke wa seremala, zote kwa sauti moja iliyonyooka kama uzi, bila nukta, bila kumeza mate, bila kile kituo kidogo ambacho hata msemaji mkubwa namna gani hukihitaji ili avute hewa, na midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, na macho juu ya midomo hiyo hayakuwa yanasimulia chochote, yalikuwa yanamtazama mumewe moja kwa moja na kumwomba, wazi kabisa, amnyamazishe.

"Mama?" alinong'ona.

Sauti haikukatika.

Binti alikuja na muuguzi wa jirani. Muuguzi alishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akauweka ule mkono chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Unapiga," alisema kwa sauti ya chini. "Unapiga, lakini sipati pa kuanzia kuhesabu."

"Maana yake nini?" aliuliza binti.

"Maana yake kaleteni mwingine. Si daktari."

Akaletwa Bi Kiziwi. Mganga huyu hasikii sikio la kushoto, na wabaya wake husema hata la kulia huwa linachagua. Alikuja na kandambili za rangi mbili tofauti, akavuta kiti, akakaa akimwelekezea Bi Sindano lile sikio bovu. Alikaa hivyo huku mgonjwa akimimina maneno yasiyokuwa na mwanzo tena.

"La kulia nasikilizia watu," alimwambia binti aliyekuwa akishangaa. "La kushoto nasikilizia hawa."

"Anasema nini?" Fundi Saa alikuwa amejibana ukutani.

"Anasema alikuwa na nyumba."

"Nyumba gani?"

"Punguza sauti. Anasema aliishi kati ya ta na ka, yeye na jamaa zake, kila saa chumba. Hawakumdai mtu chochote. Anasema kuna fundi mmoja alikuwa na adabu, kila saa aliyoifunga aliwaachia mahali pa kulaza ubavu." Bi Kiziwi aligeuka akamtazama mzee. "Ni wewe?"

Fundi Saa aliitikia kwa kichwa.

"Basi ulipomkaribisha kwenye hiyo saa yako mpya, alikuja akikuamini. Ukawa unamsogezea ukuta. Leo kidogo, kesho kidogo. Siku ile ukamfinya akatoka. Amezunguka, amejaribu bomba, amejaribu ukutani, amejaribu paka. Sasa amejipenyeza kati ya pigo na pigo la moyo wa huyu mama. Ni padogo. Amejikunyata. Anasema mgongo unamuuma, na jua likitua atajinyoosha."

"Akijinyoosha?"

"Moyo una ukubwa gani, fundi?"

Binti alishika waya wa kompyuta. "Nachomoa."

"Ukichomoa anabaki hapo alipo!" Bi Kiziwi alifoka kwa kunong'ona. "Nani hurudi kwenye kifusi? Mjengee nyingine. Pana. Halafu ile ya kasi ibomoe mbele yake aone."

Jua lilikuwa limeshafika dirishani. Fundi Saa aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajaribu kujenga saa ya polepole, vikasha viwili vinavyopokezana mawe, jiwe moja moja, mpaka kimoja kiishe ndipo kigonge kengele mara moja, na mikono iliyowahi kushika skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha sasa ilikuwa inabonyeza siko, na nyuma yake sauti ya mkewe ilikuwa imeacha hata kuwa maneno, imekuwa mlio mwembamba, ule ule wa mbu, na ile harufu ya sarafu ilikuwa nzito hata binti akafunika pua kwa upindo wa kanga, na mwanga ulikuwa unapanda ukutani ukiacha giza chini yake, na alipoweka jiwe la mwisho na kidole chake kikawa juu ya kitufe cha kuwasha, alisita, akakumbuka kofi la mwalimu wake, akafungua kikasha tena na kutoa jiwe moja, ili lile gurudumu lisilokuwepo lipate nafasi ya kutikisika.

Akawasha. Kisha akaibomoa saa ya kasi, kipande kwa kipande.

Ta.

Walingoja. Binti anasema alihesabu mpaka arobaini.

Ka.

Na katikati ya hapo mlio ulikatika. Uani, bomba lilidondosha tone, likanyamaza, likadondosha jingine. Bi Sindano alivuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kisimani, akawatazama wote watatu, akamtazama mganga kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kola ya mteja iko wapi?" alisema. Na baada ya kituo kizuri kabisa, akaongeza, "Na huyu kavaa nini miguuni?"

Mlangoni, Bi Kiziwi alimshika Fundi Saa mkono. "Ile saa isisimame. Siku itakayosimama, atarudi kwa huyu huyu. Njia anaijua."

"Na umeme ukikatika?"

"Hilo mimi sina dawa yake."

Mzee aligeuka akamtazama mkewe. "Mwambie basi," alisema, "siku hiyo asimfuate mama. Aje kwa aliyemfukuza. Mwambie nitamwachia nafasi."

Bi Kiziwi aligeuza sikio la kushoto kuelekea chumbani. "Amesikia," alisema, na akaondoka haraka kuliko kandambili zile zilivyoruhusu.

Miezi mitatu kompyuta haikuzimwa. Bi Sindano alishona kwa kufuata bomba, na chumbani ta ikaja, na baada ya muda mrefu ka. Mtu huzoea. Hata wageni walizoea.

Umeme ulikatika siku ya kawaida tu, saa nane mchana. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Bi Sindano aliacha cherehani na kukimbilia chumbani, mkono mmoja kifuani, akingoja pumzi yake imkatikie. Haikukatika. Alimkuta mumewe kwenye kiti mbele ya kioo cheusi, ametulia, viganja juu ya magoti, rangi ya midomo imepauka kidogo. Chumba kilinuka sarafu.

"Mzee?"

Aliinua kidole: subiri.

Bi Sindano alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua alichokilalia miaka mingi. Kimya. Alikuwa na kitufe cha shati mkononi na sindano yenye uzi, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure ikiogopa, alianza kukishona pale pale kwenye upindo wa kanga yake, tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Ta.

"Usilie," mzee alinong'ona kwa upole, polepole mno. "Utamwamsha."

Umeme ulirudi jioni. Kompyuta iliwaka, binti akaja, akaifungua saa ile ya vikasha, mawe yakaanza kupokezana. Kengele iligonga kama zamani, lakini ilikuwa inagonga chumba kitupu. Mpangaji alishapenda alipohamia.

Fundi Saa yupo. Nendeni mkamsalimie, atawapa kiti. Ila ukimpa mkono, na kidole chako kikagusa pale kwenye mshipa, usishtuke ukiona hakuna kitu. Usiuachie. Muulize habari za nyumbani, muulize bei ya betri za saa, na uendelee kuhesabu.

Zamani hesabu ya kati ya pigo na pigo ilikuwa inafika arobaini. Wiki iliyopita Bi Sindano alimaliza kola nzima.