Choo Kilichobaki Kijijini

Mwaka 1978, mwezi wa Aprili, mpunga wa Usangu ulianza kuinamisha vichwa. Huo ndio mwezi wa ndege. Kweleakwelea huja kwa maelfu, na kundi moja huweza kumaliza jaruba zima kabla chai haijapoa. Kwa hiyo watu wa kata ya Ilongoti walifanya kama walivyofanya kila mwaka. Walifunga milango ya nyumba zao kijijini, wakabeba vyungu na mikeka, wakahamia mashambani. Huko hulala kwenye vibanda vya nyasi kando ya mfereji, wiki nane au tisa, mpaka mpunga ukatwe.

Nkuba Shigela naye alihamia na familia yake. Nkuba alikuwa Msukuma. Alikuja Usangu na ng'ombe zake miaka saba kabla, akitafuta malisho, na hapo akajifunza kulima mpunga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Labda ndiyo sababu watu walimchagua kuwa diwani wao. Mkewe aliitwa Roza. Binti yao mkubwa, Ngolo, alikuwa na miaka kumi na minane, na kwa shabaha aliwashinda wanaume wengi. Tangu alfajiri alisimama juu ya ulingo, akirusha madonge ya udongo kwa kombeo na kuwatukana ndege kwa Kisukuma.

"Hao ni ndege wa huku," jirani yao Budeba alimtania. "Watukane kwa Kisangu."

"Kisangu wamekizoea, Mzee Budeba. Ndiyo maana hawasikii."

Maji ya kunywa waliyachota kwenye mfereji. Watu wote wa Ilongoti waliamini kwamba maji yanayokwenda ni safi, na kwamba maji mabaya ni yale yaliyosimama kwenye dimbwi. Vyoo havikuwepo shambani. Mtu akibanwa na haja, alikwenda nyuma ya tuta la mfereji. Mvua iliponyesha, ililiosha tuta, na uchafu wote ukaingia majini.

Jumanne moja asubuhi Budeba alianza kuharisha. Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa amekufa. Siku ya tatu, Ngolo aliteremka kutoka kwenye ulingo akishika tumbo.

Aliharisha maji meupe, kama maji yaliyooshea mchele. Alitapika. Ilipofika saa nne, macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka. Aliomba maji. Roza alikataa kumpa. Alifanya hivyo kwa mapenzi, kwa maana mama yake naye alimfundisha hivyo: anayeharisha asipewe maji, maana atayatoa tena.

Hapo ndipo alipofika Fanueli, Bwana Afya wa tarafa, akisukuma baiskeli juu ya tuta. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye daftari mfukoni. Hakuuliza maswali mengi. Alibana ngozi ya mkono wa Ngolo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa.

"Mama Ngolo, tazama hapa," alisema. "Mwili huu umekauka. Kipindupindu kinaua kwa kukausha. Maji yanayotoka lazima yarudishwe, na yarudishwe sasa."

"Lakini atayatapika."

"Atatapika kidogo, na kidogo kitabaki. Mpe kijiko, subiri, mpe kingine. Usichoke."

Akaomba maji yaliyochemshwa, chupa mbili za bia zilizojaa. Hiyo ni lita moja. Akatia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chumvi. Akakoroga, akaonja. Alimwambia Roza aonje pia. Kama mchanganyiko una chumvi kuliko machozi, alisema, umwagwe na utengenezwe mwingine.

Walimlaza Ngolo kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda naye shuleni, ambako madarasa mawili yalikuwa yamegeuzwa kambi ya wagonjwa. Mwendo ulikuwa wa saa mbili. Roza alikaa kando ya binti yake akimpa kijiko baada ya kijiko, njia nzima. Kambini, muuguzi Paskalina alimtundikia dripu. Alimwambia Roza kwamba bila vile vijiko, mkokoteni ungefika na maiti. Siku ya nne Ngolo aliomba wali.

Nkuba alimshukuru Mungu. Lakini hakupata muda wa kufurahi. Barua ilifika kwamba Baraza la Maendeleo la Wilaya litakutana Rujewa kwa dharura, na kila diwani aje na kikombe chake mwenyewe.

*

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Fanueli, na kando yake pipa la maji yenye dawa ya klorini, lenye bomba. Kila aliyeingia alinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Beseni moja la kupitishwa mkono kwa mkono, kama ilivyo desturi ya wageni kunawa, halikuwepo. Kushikana mikono kulikatazwa siku hiyo. Watu waliinamiana vichwa tu, wakacheka kwa aibu.

"Bwana Afya, tumekuja barazani au kubatizwa?" aliuliza Jailos, diwani wa kata moja ya milimani, mtu mnene aliyependa kuchekesha.

"Wote mtabatizwa, Ndugu Jailos. Nyosha mikono."

Mwenyekiti Edmund, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, alifungua kikao bila hotuba. Alimwita Bwana Afya asome taarifa. Fanueli alisoma kwa sauti ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika kata ya Ilongoti, wagonjwa sitini na watatu, waliokufa tisa. Kata jirani, wagonjwa kumi na mmoja, aliyekufa mmoja. Kisha akasoma hesabu ya vyoo. Kata jirani, nyumba arobaini katika kila mia zina choo. Ilongoti, nyumba tisini na mbili katika kila mia.

Minong'ono ikaanza. Mwaka uliopita Ilongoti ilikuwa imesifiwa kwa vyoo, na choo cha Nkuba, chenye mlango wa mbao na mfuniko, kilichaguliwa kuwa cha kwanza katika kata.

"Kumbe ni vyoo vinavyoua," alisema Jailos, na ukumbi ukacheka. Alipoendelea, hakuwa akichekesha tena. Alisema ugonjwa uko mashambani, kwenye vile vibanda vya mfereji, na wenye vibanda wengi ni wageni waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Alitaka watu wote waondolewe mashambani kwa mwezi mzima na vibanda vichomwe.

Wengi waliitikia kwa vichwa. Mwezi mmoja bila watu mashambani ni mwezi wa ndege kula bila kufukuzwa. Mpunga wa kata nzima ungekwisha, wa Wasangu na wa Wasukuma. Watu elfu mbili wangengoja mavuno ya mwaka mwingine bila chakula. Nkuba alisimama akaeleza hivyo.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Ndugu Nkuba, mpunga ukibaki na watu wakafa, utavunwa na nani?"

Nkuba alikaa.

Mwenyekiti alipotaka kupiga kura, Fanueli aliomba nafasi. Alisema taarifa yake bado ina shimo. Vyoo vipo, na watu wanaugua. Asiyejua kwa nini ataamua kwa kubahatisha. Yeye mwenyewe alikuwa na dhana, lakini kwake dhana haikutosha. Alitaka kusikia kutoka kwa wenyewe. "Naomba kuuliza madiwani wa bondeni," alisema. "Tangu ndege waanze, nani kati yenu amelala nyumbani kwake?"

Wakatazamana. Diwani mmoja alitazama dari.

Nkuba aliielewa hoja mara moja, na aliielewa yote. Angeweza kunyamaza. Angebaki mtu mwenye choo cha kwanza katika kata. Badala yake alisimama mara ya pili, polepole.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sijalala kwangu wiki ya nne sasa. Choo changu kiko kijijini na mlango nimeufunga kwa waya. Ndani yake kuna buibui tu. Sisi tuko shambani. Na kule shambani," alisita, "tunakwenda nyuma ya tuta. Mimi pia. Ninakwenda upande wa juu wa mfereji, maji yanakotoka, kwa sababu kuna vichaka. Binti yangu anachota maji chini yake, hatua mia moja hivi. Naye ameugua."

Hakuna aliyecheka. Hata Jailos alishusha macho. Haikuwa kawaida kwa mtu mzima, tena diwani, kutaja mambo hayo mbele ya watu.

"Basi labda ni mimi niliyemwua Budeba," Nkuba alimaliza.

Fanueli akatikisa kichwa. "Hilo halijulikani, wala wewe hulijui. Hatuwezi kusema ni kinyesi cha nani kilichoingia majini. Tunajua ni cha mtu, na tunajua kilipita wapi. Kipindupindu hakimwulizi mtu ametoka kaskazini au kusini. Kinatoka tumboni mwa mgonjwa, kinaingia majini, kinanywewa. Tukikata njia hiyo, watu wanaweza kubaki mashambani."

Akaeleza jinsi ya kuikata. Vyoo viwafuate watu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwenye pipa kwa kipimo atakachotoa yeye. Mikono ioshwe kwa sabuni au majivu baada ya choo na kabla ya kula. Nguo za mgonjwa zisifuliwe mferejini.

Ilifuata hoja ya udongo. Ukichimba bondeni, maji huchimbuka kabla shimo halijafika magotini. Nkuba ndiye aliyejibu. Kila baada ya majaruba machache kuna kichuguu kikubwa, kikavu hata wakati wa mafuriko. Wachimbe huko.

Baraza lilipiga kura. Watu wangebaki, kwa sharti kwamba vyoo viwe vimekwisha katika siku tano. Jailos alinyoosha mkono pamoja na wengine, ingawa aliunyoosha wa mwisho.

*

Kuchimba kichuguu ni kazi ya kuvunja mgongo. Udongo wake ni mgumu kama tofali. Wanaume wa Ilongoti walichimba kwa zamu, choo kimoja kwa vibanda kumi, hatua hamsini kutoka mfereji. Fanueli hakukubali kukadiria. Alipima kwa kamba, na choo kilichokuwa hatua arobaini na tatu alikifukia, wenye choo wakinung'unika.

Siku ya tatu kazi ilikwama kwa jambo ambalo halikuwemo katika maazimio. Marcelino, kijana aliyeoa karibuni, aligoma. Kibanda chake na cha wakwe zake vilipangiwa choo kimoja.

"Nikutane na mama mkwe mlangoni?" aliuliza. "Bora nife na hicho kipindupindu."

Watu walicheka, lakini wazee walikubaliana naye. Nkuba alidhani Bwana Afya angekasirika. Fanueli aliuliza tu ni vibanda vingapi vyenye wakwe, akaandika, na akaamuru mashimo mawili kwenye vichuguu vya namna hiyo, kila moja likitazama upande wake. Alisema choo ambacho mtu anaona haya kukiingia ni kazi bure.

Roza naye alifanya kazi yake. Alizunguka kibanda kwa kibanda na chupa mbili na kijiko, akiwafundisha wanawake kupima sukari na chumvi. Hakuwapigia mahubiri. Aliwaambia alivyomnyima Ngolo maji, na Ngolo alikaa kando yake, amekonda, akiitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Wiki ya kwanza baada ya vyoo, Ilongoti ilipata wagonjwa wapya kumi na wanne. Wiki ya pili, watano. Wiki ya tatu, mmoja, ambaye nduguze walimpa maji ya chumvi na sukari tangu asubuhi, akafika kambini akitembea. Wiki ya nne hakuna. Ndege walikula sehemu yao, kama kila mwaka. Mpunga uliobaki ulikatwa na watu wazima wa afya.

Katika juma la mavuno Fanueli alirudi kukagua, na safari hii alifuatana na Jailos. Watu wa kata yake hulala mashambani pia, wakati wa kulinda mahindi dhidi ya nguruwe, na alitaka kuona. Nkuba aliwaongoza. Alikuwa ameezeka upya choo cha kwanza cha vichuguuni, akasimama kando ili paa lionekane vizuri.

Bwana Afya hakutazama paa. Aliinama, akatazama nyasi kati ya vibanda na kichuguu. Zilikuwa zimelala, na katikati yake palikuwa na njia nyembamba, ngumu, inayong'aa kwa kukanyagwa. Alikwenda mpaka kwenye tuta la mfereji, akatazama huko pia. Nyasi za nyuma ya tuta zilifika kiunoni, na hakuna aliyezipitia.

Alitoa daftari. Nkuba na Jailos walisogea kusoma juu ya bega lake. Kwenye mstari wa Ilongoti, chini ya vyoo, hakuandika idadi. Aliandika: "Vinatumika."

Jailos alitoa kalamu yake, akaomba karatasi.