Mafua ya Chama

Katika nyumba ile chai ya asubuhi ilinywewa haraka haraka, na siku zile ilinywewa pamoja na ubishi.

Mtoto pekee wa nyumba alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Bibi yake alimpachika jina la Cherehani, kwa sababu mguu wake wa kulia haukujua kutulia chini ya meza. Ulikwenda juu chini, juu chini, kama wa fundi mwenye nguo za arusi za kumaliza. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Mama yake alikuwa rubani katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Mjomba wake, mdogo wa Mama, alikuwa rubani katika kampuni hiyo hiyo, na kila asubuhi alipita kumchukua dada yake waende kazini pamoja.

Tangu marubani waanze kuzungumza habari za kujiunga na chama cha wafanyakazi, hakuna kikombe kilichomalizika kwa amani.

"Dada, kidole kimoja hakivunji chawa," Mjomba alisema asubuhi moja huku akipaka siagi kwenye mkate. "Marubani wa mashirika makubwa wana chama chao. Wakichoka, wanapumzika. Wakionewa, wana wa kuwasemea. Sisi tuna nani?"

"Tuna Bosi," Mama alijibu. "Mlango wake uko wazi saa zote. Mwenye shida anaingia, anasema, anasikilizwa."

"Na asiposikilizwa?"

"Wewe umewahi kuingia ukafukuzwa? Sisi si shirika kubwa, ndugu yangu. Mteja wetu anapiga simu leo, anataka kuruka kesho. Tukianza kumjibu kwa vifungu vya mkataba, atakwenda kwa jirani, na sisi tutabaki kutazama mawingu kutoka chini. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

"Bosi ni mtu mwema, sikatai. Lakini wema wa mtu si sheria. Leo kaamka vizuri. Kesho je?"

"Nilipotafuta kazi, kampuni nyingine zilinitazama kama mtu aliyekuja kuuza karanga," Mama alisema, na sauti yake ikapanda. "Yeye ndiye aliyenipa ndege. Leo nimgeuzie kibao?"

Bibi aliweka birika mezani kwa kishindo. "Mnarusha ndege angani, kikao cha chai kinawashinda. Kunyweni."

Cherehani aliwatazama wote wawili. Mama akisema, aliona Mama ana haki. Mjomba akijibu, aliona naye ana haki. Kichwa chake kikawa kama mlango wa duka, kila mtu anaingia na kutoka. Alichokijua ni kimoja tu: zamani Mama na Mjomba walikuwa wakicheka mpaka machozi kwenye meza ile, na sasa walikuwa wakitazama vikombe.

Mambo yalizidi kuharibika pale rubani mmoja wa upande wa chama alipopiga simu kusema anaumwa mafua. Siku hiyo Bosi alikuwa na wateja wengi na marubani wachache. Akaweka simu chini, akawaambia waliokuwa ofisini, "Siku hizi marubani wangu wanaugua mafua ya chama." Wengine walicheka. Mama pia alicheka, akaja kuyasimulia nyumbani. Mjomba hakucheka hata kidogo.

Wiki iliyofuata, Mama naye akashikwa na mafua.

Alirudi nyumbani macho mekundu, pua imevimba, sauti imekauka. Bibi akamchemshia maji ya kujifukiza, akamfunika shuka na kumwambia asitoe kichwa mpaka jasho limtoke. Asubuhi yake Mjomba hakupita, kwa kuwa alikuwa na safari ya alfajiri. Bibi alikuwa uani akifua. Cherehani, akiwa amekwisha kuvaa sare za shule, alisimama kwenye mlango wa bafu.

"Mama, nikuletee taulo?"

Mama hakujibu. Alikuwa akinawa uso huku amempa mtoto bega la kushoto. Cherehani akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akazunguka upande wa kulia.

"Mama."

Mama alishtuka. "Umeingia saa ngapi?"

"Nimekuita, hujasikia."

"Sikio la kushoto limeziba kidogo. Litazibuka."

Simu ikalia chumbani. Cherehani akaikimbilia. Aliyepiga alikuwa mpanga safari wa kampuni, dada mmoja ambaye watu wote walimwita Dada Redio, maana ndiye aliyezungumza na marubani wakiwa angani. Cherehani alimletea Mama simu, lakini Mama alirudi nyuma akatikisa mkono.

"Sauti yangu itanisaliti," alinong'ona. "Mwambie naoga. Mwambie nimepona."

"Lakini Mama..."

"Nikisema naumwa wiki hii, Bosi atanihesabu miongoni mwa watu wa chama. Sema nimepona."

Cherehani akaweka simu sikioni. Mguu wake ulikuwa tayari umeanza kucheza.

"Shikamoo, Dada. Mama anaoga."

"Marahaba. Anaendeleaje? Jana nilimsikia akipiga chafya kama injini isiyotaka kuwaka."

"Amepona."

"Kabisa?"

Cherehani alimtazama mama yake. Mama alikubali kwa kichwa.

"Kabisa," alisema.

"Haya, Mungu mkubwa. Mwambie ile safari ya alasiri ni yake."

Shuleni siku hiyo hakukukalika. Shule yao ilipakana na kiwanja cha ndege, na kila injini iliponguruma Cherehani aligeuka dirishani. Mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni, akakosea hesabu ambayo angeweza kuifanya usingizini. Jirani yake wa dawati alimkanyaga mguu, akamwambia, "Unatikisa meza, siandiki kitu."

Hakuwa na wasiwasi wa bure. Mama mwenyewe ndiye aliyewahi kumweleza kwa nini watoto wachanga hulia ndege inaposhuka. Hewa husukuma masikio kuelekea ndani, na sikio lililoziba linaweza kuuma kwa uchungu wa kisu, likamtia mtu kizunguzungu. "Abiria akipata kizunguzungu, atafumba macho," Mama alikuwa amesema. "Rubani hana ruhusa ya kufumba macho." Sasa maneno yale yalimrudia Cherehani kichwani, na kila yaliporudi yaliandamana na sauti yake mwenyewe ikisema: kabisa.

Masomo yalipokwisha hakwenda nyumbani. Alifuata uzio wa kiwanja mbio, begi likimpiga mgongoni, mpaka kwenye lango la kampuni. Mlinzi alimfahamu, akamfungulia. Nje ya banda, ndege ndogo nyeupe ilikuwa ikijazwa mafuta. Abiria walikuwa wamekaa kwenye sebule ya wageni na mizigo yao miguuni. Katika ofisi ya Bosi, ambayo kweli mlango wake ulikuwa wazi, Mama alikuwa amesimama na kofia mkononi. Mjomba, aliyerudi kutoka safari yake, alikuwa pembeni akinywa maji.

"Shikamoo, mzee," Cherehani alisema akihema.

"Marahaba, Cherehani. Umekuja kumuaga mama?"

"Hapana. Nimekuja kusema kwamba asubuhi nimesema uongo. Mama hajapona. Sikio lake la kushoto halisikii."

Ofisi ikapoa kama jiko lililomwagiwa maji. Mama alimkazia macho binti yake, na Cherehani akaona ndani ya macho yale hasira ambayo hakuwa amewahi kuiona. Alitamani sakafu immeze.

Bosi hakumtazama mtoto wala Mama. Alimgeukia Mjomba polepole.

"Kwa hiyo mmefika hapa," alisema. "Mnatumia watoto. Safari ya mteja wangu mkubwa, abiria wamekwisha kukaa, na wewe unamleta mpwa wako avunje kazi ili nione umuhimu wa chama chenu."

"Mimi?" Mjomba akaweka chupa chini. "Nimetua sasa hivi. Sijamwona mtoto huyu tangu jana."

"Mafua ya chama yameingia hadi shuleni. Nilidhani wewe ni mtu mzima. Safari hii ikiharibika, usirudi hapa kesho."

Cherehani alikuja kumwokoa Mama, na sasa alikuwa amemponza Mjomba. Alimwangalia Mama. Mama alikuwa akiizungusha kofia yake mkononi, akiizungusha tu. Nje, fundi alifunga tangi la mafuta na kuashiria kwamba ndege iko tayari.

Kisha Mama akaiweka kofia juu ya meza ya Bosi.

"Mtoto hakutumwa na mtu," alisema kwa ile sauti yake iliyokauka. "Ni kweli sisikii. Mimi ndiye niliyemwambia adanganye."

Bosi aliketi. Kwa muda alionekana kama mtu aliyepigwa kibao na rafiki. "Wewe? Wewe uniambie hivyo? Mlango wangu uko wazi siku zote. Kwa nini hukuingia ukasema?"

"Mlango uko wazi, Bosi. Lakini anayeingia anaingia peke yake. Mwenzetu alipiga simu akasema anaumwa, ukamcheka. Na mimi nikacheka pamoja nawe. Zamu yangu ilipofika, nikaogopa kuchekwa."

Bosi alijipangusa paji la uso, akamtazama Mjomba. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilichokuambia sasa hivi, nakiondoa. Marubani wengine wote wako safarini. Unaweza kuwapeleka wewe?"

Cherehani alimwona Mjomba akitazama ndege kupitia dirisha. Ilikuwa nafasi nzuri ya kujipatia sifa, na mtu mwingine angeikamata kwa mikono miwili.

"Nimeamka kabla ya jogoo, Bosi," Mjomba akasema. "Nimechoka. Nikiruka sasa, nitakuwa nimefanya kile kile alichotaka kufanya dada."

Basi Bosi akainuka, akalifunga koti lake vifungo, akaenda mwenyewe sebuleni kuwaambia abiria kwamba hawatasafiri mpaka kesho yake. Kelele zilisikika hadi ofisini. Mteja mmoja aliondoka na mizigo yake, akisema hatarudi tena. Wengine walinung'unika, kisha wakauliza hoteli iko wapi.

Njiani kwenda kwa daktari, katika gari la Mjomba, Mama alitazama nje ya dirisha tu. Cherehani alikaa nyuma. Walipofika, Mama alimwambia tu, "Kaa hapo." Daktari alimmulika sikio, akaguna, akamulika tena. Ndani kulikuwa na uvimbe na maji. Alisema kama Mama angepaa na kushuka siku ile, kiwambo cha sikio kingeweza kupasuka, na pengine asingerudi tena kwenye kiti cha rubani.

Hapo ndipo Mama alipomvuta binti yake akamkumbatia. "Nilikukasirikia," alisema. "Nisamehe. Nilikupa mzigo ambao hata mimi mtu mzima ulikuwa umenishinda."

Mama alipopata nafuu, marubani wote waliitana katika banda la ndege, Bosi naye akiwepo, wamalize suala la chama. Mama alimchukua Cherehani waende pamoja, akamkalisha nje ya chumba cha Dada Redio. Kupitia mlango wa banda, maneno ya mkutano yalimfikia vizuri.

Rubani mmoja mzee alisema yeye hatajiunga. Amefanya kazi maisha yake yote bila chama, na anaogopa wateja watakimbia kama yule mmoja. Hakuna aliyemzomea. Mjomba alizungumza habari za kupumzika na za mtu kuwa na wa kumsemea. Halafu Mama akasimama.

"Nilikuwa nikipinga, na mnajua," alisema. "Leo najiunga. Rubani anayesema 'siwezi' asibaki peke yake. Lakini ndugu zangu, chama si dawa ya uongo. Hakiwezi kulisemea sikio ambalo mwenyewe nalificha."

Wengi walijiunga, wachache hawakujiunga. Bosi alikubali kukaa na viongozi wa chama, japo alikubali kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Jambo moja alilitangaza papo hapo bila kusukumwa: rubani akisema anaumwa, haulizwi mara ya pili, wala hachekwi. Kisha akamwendea yule rubani wa mafua, akampa mkono mbele ya watu.

Cherehani naye alikuwa na lake. Aligonga mlango uliokuwa nyuma yake, akaingia. Dada Redio alivua vifaa vya masikioni.

"Dada, siku ile uliponiuliza hali ya Mama, nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Juu ya meza redio ilikwaruza, sauti ya rubani ikataja mahali alipo, naye Dada Redio akamjibu kwa maneno machache kabla ya kumgeukia mtoto.

"Unaona huyu?" alisema. "Mimi simwoni. Akiniambia yuko juu ya mlima, nampangia njia ya mlimani. Akinidanganya, nitamwelekeza vibaya kwa moyo mweupe kabisa. Ndiyo maana nikimuuliza mtu hali, sitafuti jibu la kunifurahisha. Natafuta jibu la kweli, hata likiwa baya, maana jibu baya la kweli tunaweza kulifanyia kazi. Ulichelewa kusema kweli, mdogo wangu, lakini uliisema ndege ikiwa bado chini. Nimekusamehe. Siku nyingine iseme mapema, usituache tukimbizane."

"Ndiyo, Dada."

"Haya, vuta kiti. Huyu anakaribia kutua."