Mume Wangu Alinunua Nyumba kwa Ajili ya Jirani

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanamke mwingine.

Asubuhi ya Jumamosi, jua linawaka, wala hajifichi!

Mimi niko dirishani jikoni kwangu, sufuria mkononi, maji ya bomba yanamwagika tu. Ng'ambo ya kile kiukuta kinachotutenga na jirani, mume wangu kapiga magoti kwenye nyasi, anamfunga yule mama kamba za viatu...

Na yule mama kaweka mkono kichwani kwake. Anampapasa nywele taratibu, kama mtu anayepapasa kitu chake mwenyewe.

Jamani! Mimi tangu niolewe sijawahi kufungwa hata kifungo cha blauzi!

Subirini. Niwaeleze kwanza tulifikaje hapo, halafu mseme wenyewe kama mngebaki na akili timamu.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mimi niko duka la miwani, kutwa nazitazama nyuso za watu na kuwachagulia fremu. Tangu tuoane tulikuwa wapangaji. Mwenye nyumba wetu wa mwisho alikuwa anaingia hata bila hodi, eti anakagua kama tumegonga misumari ukutani!

Kwa hiyo mume aliposema, "Mke wangu, tununue ya kwetu," mwenzenu nililia.

Nikauza kiwanja alichoniachia marehemu baba. Yeye akachukua mkopo kazini. Dalali akaanza kutuzungusha kwenye mitaa mipya huko nje ya mji.

Tuliziona nyumba, jamani. Ile ya kona, jiko pana mpaka unaweza kucheza muziki ndani yake.

"Hapana," akasema mume.

Ile yenye kibaraza na bafu la vigae vyeupe.

"Hapana."

Kisha tukaletwa huku. Nyumba zimejengwa mbili mbili, zimegusana ubavu. Hii yetu dari ya bafuni ina doa la maji. Mlango wa jikoni ukiufungua wote unagonga friji. Nikageuka nimwambie dalali twende zetu...

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye dirisha la sebuleni, anatazama uwanja wa jirani. Hata kupepesa hapepesi.

"Tunachukua hii."

"Hii ipi?"

"Hii."

Dalali mwenyewe akakohoa. "Shemeji, ile nyingine niliyowapangia leo ni nzuri kuliko hii, twende basi mkaione..."

"Nimesema hii."

Sauti ilikuwa inamtetemeka. Mimi mjinga nikadhani ni furaha.

Tukahamia. Wiki ile ile nikamjua jirani.

Anaishi peke yake. Kila asubuhi anamwagilia maua amevaa kaptula, na ile miguu yake inang'aa utadhani kaimaliza chupa nzima ya mafuta. Ana arobaini? Ana hamsini? Huwezi kujua. Nikambatiza jina kimoyomoyo: Bi Kaptula.

Mume wangu, ambaye hakuwahi kujua tofauti ya ua na kisamvu, akaanza kupenda bustani!

Geti la Bi Kaptula likilegea, anakimbia na spana. Mfereji wa bati ukiziba, yuko juu ya ngazi. Na kwangu je? Taa ya korido iliungua, nikapapasa gizani mpaka nikazoea.

"Baba, ile taa vipi?"

"Nitaiona."

Ataiona vipi na ni giza?!

Lakini kilichonimaliza hasa ni kicheko. Siku moja naanika nguo, nikasikia mwanaume anacheka ng'ambo, kicheko cha kutoka tumboni, cha mtoto. Nikajiuliza, ni nani huyu? Nikachungulia.

Ni wangu! Na miaka yote hiyo sikuwahi kukisikia kicheko kile.

Wivu si kitu cha kueleza, ni ugonjwa. Chakula kilinishinda. Nilikuwa namvalisha mteja miwani, naona miguu ya Bi Kaptula. Msinicheke, lakini nilinunua kaptula na mimi! Nikaanza kumwagilia maua asubuhi upande wangu, na maua yenyewe sina, namwagilia udongo.

Mume akapita. "Utapata mafua," akasema, akaenda kazini.

Shosti wangu wa dukani ndiye aliyenipigilia msumari.

"Mwanaume gani anaacha nyumba nzuri anachukua mbovu? Huyo mama ni wa zamani. Wewe ndiye uliyepelekwa kwake!"

"Acha hizo bwana."

"Mpigie dalali."

Nikampigia. Dalali akaanza kujiuma uma.

"Dada, mimi mambo ya watu siingilii..."

"Kiwanja cha baba yangu kimo kwenye hiyo nyumba. Sema!"

Akashusha pumzi. "Shemeji alinifuata peke yake kabla sijakufahamu wewe. Akanionyesha nyumba yenye geti la kijani, akasema ikipatikana yoyote ya jirani na ile, nimpigie yeye kwanza. Zile nyingine mlikuwa mnazungushwa tu, dada. Nisamehe."

Geti la kijani ni la Bi Kaptula.

Nikakata simu. Yaani urithi wangu umemnunulia mume wangu kiti cha mbele cha kumtazamia hawara yake!

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilinyamaza, sikumwambia kitu. Kesho yake ndipo nikaona magoti, nikaona viatu, nikaona ule mkono kichwani.

Sasa turudi pale.

Sikupita getini. Niliuparamia ukuta, na kaptula yangu mpya, nikaangukia kwenye maua yake, nikainuka.

"Inuka hapo!"

Mume wangu akashtuka, lakini hakuinuka.

"Huyu ni nani kwako?!"

Akamtazama yule mama.

"Nakuuliza wewe! Mmeanza lini?"

Yule mama akanyoosha mkono. "Mwanangu, tulia kwanza..."

"Usiniite mwanangu! Mwanamke mzima huna haya? Unavizia waume za watu na hiyo miguu yako! Huna wako, huna watoto, hujui ndoa ni..."

"Usimtukane!"

Mume wangu kapaza sauti. Yule mpole wangu! Majirani wa mbele wakafungua pazia.

"Eti nisimtukane? Kwa nini nisimtukane?"

Alikuwa bado kapiga magoti. Akasema kwa sauti ndogo mno:

"Kwa sababu ni mama yangu."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Maana mama mkwe wangu ni marehemu. Kwenye harusi yetu shangazi yake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama, ukumbi mzima ukasimama kumkumbuka marehemu. Nikageuka kumwangalia huyu mama ili nimuone anavyoshangazwa na uongo huu...

Hakushangaa.

Alikuwa analia bila sauti, na anatabasamu.

Ndipo nikauona ule uso. Nyusi zile. Kishimo cha kidevuni. Lile sikio la kushoto lililosimama kidogo kuliko la kulia, ambalo ninalala karibu nalo kila siku! Mimi ambaye ninalipwa kutazama nyuso, wivu ulinifanya nitazame miguu.

"Umechelewa kulisema," yule mama akamwambia mwanawe. "Nimengoja mpaka nimechoka."

Mume wangu akaduwaa. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ile uliposimama dirishani na dalali. Nilidhani ni baba yako kafufuka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kama nani? Wewe ndiye mwenye haki ya kuja au kuondoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kukupa sababu ya kuja." Akajifuta macho na mgongo wa mkono. "Lile geti halikuwa bovu. Nilililegeza mimi. Na hizi kamba za viatu najua kuzifunga vizuri sana."

Nikakaa pale pale kwenye maua yake yaliyovunjika.

Akatueleza. Alimzaa akiwa bado mwanafunzi. Ukoo wa baba wa mtoto ukamchukua mtoto, ukamwambia yeye asome, asiharibu maisha ya watu. Kila alipokwenda kubisha mlango akafukuzwa. Mwishowe wakahama bila kumuaga. Mtoto naye akaambiwa mama kafa. Mume wangu akamalizia: ni shangazi yule yule wa harusini aliyeugua akaona asife na siri hiyo, akamnong'oneza ukweli na mahali mama anapoishi.

Mimi nilikuwa nimekaa kando ya shangazi hospitalini siku hizo, namlisha uji. Sikuambiwa hata neno!

Tuliporudi ndani nilimwakia mume.

"Mimi ni nani kwako? Kiwanja cha baba yangu, na siri huniambii?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa angenikataa." Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono katikati ya magoti. "Ningekuambia, kila nikirudi ungeniuliza, umemwambia? Na kila siku ningekujibu bado. Nilitaka niaibike peke yangu."

"Ungenijibu bado, nami ningekungoja. Ndoa ni nini basi?"

Alinishika mkono tu, na mimi niliuondoa. Kama mlidhani tulikumbatiana pale pale, si maisha hayo. Nilikaa naye kwa salamu tu kwa muda mrefu. Alinizunguka na maneno ya kuomba radhi, mtu ambaye hakuzoea maneno, mpaka nikamwonea huruma. Sharti langu likawa moja: hati ya nyumba isomeke kwa majina yetu wote wawili. Akakubali hata kabla sijamaliza sentensi.

Sasa, wenzangu, hapa ndipo penye jambo ambalo hamlitegemei.

Wivu haukuisha!

Unaweza kumwonea wivu mama mkwe? Unaweza. Kila jioni wako pamoja, ananyolewa nywele na mama yake barazani, anaitwa "mtoto wangu" ilhali mwanaume ana ndevu. Kile kicheko kinavuka ukuta kinakuja kunikuta nakatakata vitunguu peke yangu. Na nitamlalamikia nani? Nitasema nini, kwamba mume wangu anampenda mama yake?

Jioni moja mume alikuwa zamu. Vitunguu vingine viko motoni, vingine nakata, nikasikia hodi mlango wa jikoni. Bi Kaptula, lakini leo kavaa gauni refu, kajitanda na kitenge kama mtu aendaye kuomba.

"Karibu, mama."

Aliingia, mlango ukagonga friji, akasimama katikati ya jiko. Hakukaa.

"Mwanangu, nina jambo la aibu."

Nikajua anakuja kuniambia nimwachie mwanawe apumue.

"Nakuonea wivu," akasema.

"Nini?"

"Nakuonea wivu mpaka silali. Juzi nilimpikia maharage, akala kidogo, akasema asante. Leo nimesikia kupitia ukuta akikuambia maharage yanamchoma tumbo tangu utotoni." Akakaza kitenge chake. "Kwangu yeye ni mgeni mwenye adabu. Mtu hacheki vile kwao, mwanangu. Anacheka vile kwa mtu anayetaka kumfurahisha. Kwako wewe ananyamaza, kwa sababu amefika nyumbani."

Kisu kilinibaki mkononi.

"Hajawahi kuninunia hata siku moja," akasema. "Wewe anakununia. Najua ni ujinga, lakini natamani ninuniwe."

Jamani... sisi wawili tulikuwa tunachunguliana juu ya ukuta ule ule, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kapewa mtu kamili na yeye kabakishiwa kivuli!

Nikamvutia kiti.

"Kaa, mama. Unataka kujua nini?"

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Chochote."

Nikamwambia. Kwamba analala chali na mguu mmoja nje ya shuka. Kwamba mtu huyu anayetengeneza lifti anaogopa kupanda bembea. Kwamba akiwa na homa hataki kuguswa, lakini ukitoka chumbani anakuita. Alisikiliza kinywa wazi, akinirudisha nyuma: "Hebu rudia hapo. Mguu gani?" Kisha akalia, nami nikalia, tukacheka, vitunguu vikaungua.

Mume aliporudi alitukuta hivyo. Akasimama mlangoni na begi lake la spana.

"Kuna nini?"

Mama yake akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamwambia kwa ukali ambao hakuwahi kuuthubutu:

"Taa ya korido ya mkeo inangoja nini?"

Mume wangu akanuna!

Akanuna kabisa, kaufunga uso, akaenda kuchukua balbu bila neno. Na mama yake, machozi yakimtiririka, akanishika paja chini ya meza akaninong'oneza: "Umeona? Kaninunia..."

Ninyi mnaotafuta nyumba, kagueni paa, fungueni mabomba yote, pigeni kuta msikilize. Lakini kabla hamjatia saini, kaeni wawili kwenye chumba kile kitupu, umuulize mwenzio kwa upole: hapa umekuja kumtafuta nani? Na akikujibu, usimcheke, wala usimkatize. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kulisema.